Mlango wa Bibi, na sheria inayoishia kwenye bawaba

Haya wadau, nimerudi. Najua niliahidi kuandika mambo ya Ujiji tangu wiki ya kwanza ya muhula, halafu nikapotea. Test, kazi za vikundi, bumu... mnajua wenyewe. Leo mwenzangu wa chumba kaenda kwa shangazi yake Mbagala, wale wawili tunaobebana nao wamekwenda kuangalia mpira, nina meza peke yangu na nje mvua inanyesha. Kaeni vizuri basi, maana hii ni ndefu.

Jumamosi iliyopita Mjomba alinipigia simu kutoka Ujiji. Kwanza salamu. Za chuo, za afya, za mvua, za yule rafiki yako mrefu. Nikajua kuna jambo, kwa sababu Mjomba si mtu wa kumaliza vocha kwa salamu. Jambo lenyewe ni hili: kuna mtu amekuja kuutazama mlango wa nyumba ya Bibi. Sio nyumba, jamani. Mlango. Ameupiga picha mbele na nyuma, amepima urefu na upana, amepapasa nakshi kwa kidole kama daktari, halafu akataja bei. Bei yenyewe inazidi bumu langu la mwaka mzima. "We si ndiye unasoma historia?" Mjomba akaniuliza. "Basi tuambie. Tuuze au tusiuze?"

Miaka mitatu nasoma historia na hilo ndilo swali la kwanza kuulizwa na mtu anayesubiri jibu kweli.

Kwa wale ambao hawajafika Ujiji niwaeleze nyumba kwanza. Ni nyumba ya Kiswahili ya kawaida kabisa. Mbele baraza, imeinuka kidogo kutoka barabarani, udongo umeshindiliwa na kupigwa sementi juu. Katikati ya baraza ndio mlango. Ukiingia unakutana na ukumbi mrefu unaokwenda moja kwa moja mpaka uani, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, milango inatazamana. Uani kuna jiko, choo, bafu, kamba za kuanikia na mpapai mmoja usiozaa. Nyuma kabisa kuna banda la vyumba viwili lililoongezwa baadaye. Kuta ni za miti na udongo: unasimika nguzo, unafunga fito kwa kamba, unajaza udongo na mawe, unakandika, mwenye uwezo anapiga lipu. Paa lina migongo minne, zamani nyasi, sasa bati. Hakuna fundi aliyesomea aliyechora ramani yake na hakuna aliyeihitaji. Kila mtu mtaani alijua nyumba inakaaje.

Bibi anakaa chumba kimoja. Mjomba na mkewe kimoja. Vinne vilivyobaki vina wapangaji, na banda lina wapangaji. Ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Mama yake Bibi, aliyeijenga, hakuwa na watu wa kujaza vyumba sita. Alijenga sita ili apangishe vitano.

Sasa mlango. Ni wa mninga, mbao mbili, mfaa katikati, miimo imechongwa maua na mnyororo, na kizingiti cha juu kina mwandishi wa Kiarabu ambao nusu yake umelika. Ila tarakimu zinasomeka: ١٣٥٠. Tulipokuwa wadogo tuliambizana kuwa ni namba ya nyumba, na tulijiuliza hizo nyumba nyingine 1,349 ziko wapi. Mwaka jana ndio nilikaa nikapiga hesabu. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko huu wa kalenda ya ukutani kwa siku kama 11. Chukua 1350, gawanya kwa 33, unapata karibu 41. Toa hiyo 41 kwenye 1350, inabaki 1309. Ongeza 622, mwaka wa Hijra. Jibu 1931. Nilifurahi kama nimegundua mafuta. Bibi aliniangalia akasema, "Mbona hukuniuliza? Ni mwaka aliozaliwa kaka yangu."

Hiyo 1931 ishikeni, tutairudia.

Ujiji ya mwaka huo ilikuwa mji uliopitwa na treni. Karne iliyotangulia ndiyo ilikuwa mwisho wa ile njia ndefu ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora. Burton na Speke walifika hapa Februari 1858, Stanley akamkuta Livingstone hapa mwaka 1871, pembe na watumwa walivuka ziwa kutoka Manyema wakipita hapa. Halafu Mjerumani akaleta reli. Alianza Dar es Salaam mwaka 1905, akafika Tabora 1912 na Februari 1914 akafika ziwani. Lakini hakuishia Ujiji. Aliishia Kigoma, kilomita kama nane kutoka hapo, kwa sababu Kigoma ina ghuba yenye kina na vilima vinavyozuia upepo, wakati ufuko wa Ujiji ni tambarare na maji yake ni mafupi. Na ziwa lenyewe lilishakimbia: kuanzia 1878, baada ya mto Lukuga kufungua njia upande wa Kongo, maji yalishuka mita kadhaa ndani ya miaka michache tu. Kwa hiyo bandari ya Ujiji ilibaki ikitazama mchanga.

Kigoma ikapata stesheni ile nyeupe mnayoiona kwenye picha zote, na ikapata bandari. Vita ya kwanza ikaja, Wabelgiji wakateremka kutoka Kongo na kuichukua Kigoma na Ujiji mwaka 1916, wakakaa mpaka Machi 1921 walipomkabidhi Mwingereza. Meli ya Wajerumani waliyoizamisha wenyewe mwaka 1916 ikaja kuibuliwa tena, na mwaka 1927 ikaanza safari upya kwa jina la Liemba.

Hapa ndipo watu hukosea, hata darasani. Husema reli iliiua Ujiji. Haikuiua. Iliigeuza kuwa mahali pa kulala. Kazi ilikuwa Kigoma: kupakia, kupakua, stesheni, gati, maghala. Lakini msikiti, soko la mitaani, ndugu, ngoma na chumba cha bei nafuu vilikuwa Ujiji. Watu walivuka kutoka Ubwari na pande zote za mashariki ya Kongo, wengine wakaja na chumvi ya Uvinza, wengine na mawese, wengine na dagaa, na wote walihitaji pa kulala usiku mmoja au miaka kumi. Nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati ilikuwa jibu lao. Kila chumba kina mlango wake na kufuli lake, kila mtu na godoro lake, jiko na choo ni vya wote. Mwenye nyumba anakaa chumba cha mbele karibu na baraza ili aone nani anaingia na nani hajalipa.

Mwakumbuka semina ya wiki ya tano, tuliyoonyeshwa slaidi za majengo ya kati ya vita mbili? Wengi mlikuwa mnalala, nawajua. Kulikuwa na jengo moja la London, Lawn Road Flats, liliofunguliwa mwaka 1934. Aliyelichora anaitwa Wells Coates. Zege tupu, jeupe, refu kama meli, vibaraza vimepita nje ya kila ghorofa. Vyumba vyake vilikuwa vidogo makusudi: wazo lilikuwa kwamba mtu anayeishi peke yake mjini hahitaji nyumba nzima, anahitaji chumba kilichopangwa vizuri, na mambo kama kupika na kufua yafanyike kwa pamoja, kwa hiyo chini kulikuwa na jiko kubwa la kupelekea wapangaji chakula. Agatha Christie alikaa pale. Walter Gropius alikaa pale alipomkimbia Hitler. Baadaye lilichakaa vibaya, likawa aibu ya mtaa, halafu likapewa daraja la juu kabisa la ulinzi wa Kiingereza, na mwaka 2004 matengenezo yakakamilika. Leo huwezi kugusa hata kitasa chake bila ruhusa.

Mimi sikulala siku ile. Nilikuwa nahesabu. Chumba kimoja kwa mtu mmoja, jiko la pamoja, nafasi ya kupita yenye milango mingi, mwaka 1934. Nikajisemea, hii si nyumba ya Bibi kabisa? Tofauti ni zege, na kwamba ile ya Ujiji iliitangulia kwa miaka mitatu, tena haikuwa ya majaribio. Ilishajaribiwa na mji mzima. Nikanyoosha mkono nikasema hivyo. Watu wakacheka. Mhadhiri hakucheka, aliniambia niandike. Ndiyo naandika.

Sisemi majengo ni sawa. Ninachosema ni kwamba ukitafuta historia ya watu wa kipato kidogo kupanga mjini katika miaka ile, kwetu usitafute ghorofa. Ghorofa za kupangisha zilikuwepo Dar, kwenye mitaa ya Wahindi, duka chini na familia juu, mwaka wa ujenzi umeandikwa kwenye paji la uso wa jengo. Mengi yameshavunjwa na hilo nalo ni msiba wake. Lakini Mwafrika aliyeteremka na mzigo kichwani mwaka 1931 hakupanga huko. Alipanga chumba kwenye nyumba ya udongo. Na Nairobi ilikuwa hivyo hivyo: Pumwani, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, ilijaa nyumba za aina hii za kupangisha, na nyingi zilikuwa za wanawake. Mwanahistoria Luise White ameeleza kwenye kitabu chake cha mwaka 1990 jinsi wanawake wa Nairobi walivyojenga kwa pesa walizochuma wenyewe mjini, baadhi yao kwa ukahaba. (Bibi, kama kuna mtu anakusomea hii, wa kwetu aliuza mawese. Nimeandika.)

Mama yake Bibi alikuwa wa ukoo wa Manyema. Bibi hapendi kusimulia babu zake walivyovuka ziwa, na mimi nimejifunza kutouliza mara mbili. Anachopenda kusimulia ni madebe. Mama yake alikuwa ananunua mawese vijijini, anauza Kigoma kwa watu wa bandarini, na kila faida ya msimu inakuwa nguzo kadhaa au mzigo wa nyasi. Vyumba vilijengwa viwili viwili. Mlango ulikuja mwisho, ndio maana una mwaka: ukiweka mlango umemaliza. Mwanamke ambaye ukoo wake ulifika mji huu mikono mitupu, au na mikono ya wengine juu yake, anamlipa fundi achonge maua kwenye mninga na kuandika tarehe juu ya kizingiti. Nikifikiria hilo huwa nakaa kimya kidogo.

Sasa niwaambie kuhusu karatasi, maana kesi yote hii ni ya karatasi.

Kwenye miji ya Tanganyika Mwingereza aliendeleza alichokianza Mjerumani: kupanga majengo kwa maeneo. Dar ndiyo mfano unaojulikana zaidi. Eneo la kwanza nyumba za mtindo wa Kizungu, la pili majengo ya kudumu ya biashara na makazi, ndiko Uhindini, na la tatu nyumba za "wenyeji", ambako hukulazimika kutumia vifaa vya kudumu. Inasikika kama huruma, na kweli iliwaruhusu watu kujenga kwa walichonacho. Lakini maana yake nyingine ni kwamba nyumba ya udongo ilihesabiwa ya muda. Ipo leo, kesho itaondolewa, haina haja ya kufikiriwa. Fikra hiyo haikuishia Dar na haikuishia 1961. Mpaka leo mtu akipita Ujiji na daftari la mipango miji anaandika "chakavu" kabla hajauliza ina miaka mingapi.

Wakati huo huo, kilomita nane tu kutoka pale, kulikuwa na maghala yaliyoandikiwa milele. Sitanii. Tarehe 15 Machi 1921 Uingereza na Ubelgiji walitia saini mkataba wa kuwapa Wabelgiji sehemu ya bandari Dar es Salaam na nyingine Kigoma, ili mizigo ya Kongo na ya Ruanda-Urundi ipite bila ushuru. Pango lenyewe: faranga moja kwa mwaka. Muda: usio na mwisho. Sehemu hizo zikaitwa Belbase, na wazee wa bandarini Kigoma bado wanalitumia jina hilo. Mwishoni mwa 1961, siku chache kabla ya uhuru, Nyerere akiwa Waziri Mkuu akalikataa jambo hilo, na hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: Mwingereza mwenyewe alishikilia nchi hii kwa muda tu, sasa angewezaje kumpa mwingine kipande chake milele?

Yaani mnaona? Miaka kumi tu kati ya mkataba ule na mlango wetu. Ghala la mabati likaandikiwa milele, nyumba ya watu ikahesabiwa ya muda. Ya milele yalidumu miaka 40 ikaja hoja ikayakataa. Ya muda, Bibi anafagia ukumbi wake kila asubuhi mpaka leo.

Haya, turudi kwa yule mnunuzi. Baada ya simu ya Mjomba nilikwenda maktaba nikaitafuta Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, pamoja na marekebisho yake ya 1979. Nilitegemea kukuta maneno ya jumla. Badala yake nikakuta tarehe. Jengo linahesabiwa kuwa la kumbukumbu kwa sheria yenyewe kama lilijengwa kabla ya mwaka 1863. Lile la baada ya hapo halina ulinzi mpaka Waziri alitangaze kwenye Gazeti la Serikali. Nyumba ya 1931 basi ni kama haipo. Imekosea kwa miaka 68.

Nikataka kufunga. Bahati nzuri nikaendelea kusoma ufafanuzi wa maneno, sehemu ambayo sote huwa tunairuka. Kuna kitu kinaitwa kitu kinacholindwa, na humo ndani, pamoja na vitu vya utamaduni, wametaja mlango wa mbao au fremu ya mlango iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Kimashariki kabla ya mwaka 1940.

Nilisoma mara tatu. Kabla ya 1940! Mlango wetu unalindwa. Umelindwa tangu 1964, kabla hata mama yangu hajazaliwa, na hakuna mtu Ujiji aliyejua. Kuutoa nje ya nchi bila kibali ni kosa. Fremu inalindwa, mbao zinalindwa, maua na mnyororo vinalindwa. Ukuta ulioshikilia fremu hiyo, hapana. Baraza, hapana. Ukumbi na milango yake sita ya ndani isiyochongwa, hapana. Sheria inafika kwenye bawaba inasimama.

Nimejaribu kuwaelewa walioiandika. Mlango unabebeka. Unang'olewa asubuhi, jioni uko kwenye lori, mwezi ujao uko sebuleni kwa mtu Ulaya, na milango ya pwani ilikuwa na wanunuzi wengi. Nyumba haiibiwi. Kwa hiyo walitunga sheria dhidi ya mwizi, na kwa mwizi inafaa. Ila hawakumfikiria adui mwingine, ambaye ni mvua ya masika na mjukuu asiye na pesa za bati. Na nadhani walikuwa na jicho la mkusanya vitu, linaloona mlango ni sanaa na nyumba ni kifungashio. Mimi naona kinyume. Mlango ule ulikuwa mzuri kwa sababu ya vyumba vilivyokuwa nyuma yake, uliwaambia watu wa mtaa kwamba mwenye nyumba amemaliza kujenga na ana vyumba vya kupangisha. Ukiutundika kwenye ukuta wa hoteli hauambii mtu chochote, ni mbao nzuri tu.

Hata kwetu Ujiji mambo ni hayo hayo. Mgeni akifika anapelekwa kwenye kumbukumbu ya Livingstone, anaonyeshwa miembe, anasimuliwa habari za Stanley. Vizuri. Lakini wale wawili walikaa kuongea kwenye baraza la nyumba ya udongo, na nyumba yenyewe haipo. Tumehifadhi mahali. Mwaka 2006 Ujiji iliingizwa kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO kama sehemu ya njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, na mwaka 2008 nchi ikapata Sera ya Malikale. Yote mema. Ila njia ile haikuishia pale pembe zilipokwisha. Wale waliovushwa walibaki, wakajenga, wakapangisha, na nyumba zao ndizo zinaanguka moja moja kila masika. Sijaona mgeni akipelekwa kuziangalia.

Kwa hiyo nilimpigia Mjomba Jumatatu nikiwa na jibu. Nilimwambia mlango unalindwa na serikali, asiuze kabla ya kuwauliza watu wa Mambo ya Kale. Nilisema kwa sauti ya msomi, nikataja na mwaka.

Mjomba akanyamaza. Halafu akasema, "Sawa mpwa wangu. Sasa hao wanaoulinda mlango, watanunua bati?"

Sikuwa na jibu. Mjomba si mroho, jueni hilo. Bati za upande wa uani zimekula kutu, ukuta wa chumba cha tatu umeanza kuinama, na mpangaji wa chumba hicho, mwalimu, ameshatoa notisi kwa adabu. Kodi za vyumba vilivyobaki zinaishia kwenye dawa za Bibi za presha. Pesa ya mlango ingeezeka nyumba nzima na kunyoosha ukuta. Ukiuza kinacholindwa unaokoa kisicholindwa. Usipouza, ukuta utaanguka na mlango utaanguka nao, ukiwa unalindwa kikamilifu. Mimi nimekaa na hili wiki nzima na sijaona upande usioumiza. Nikiwa Dar, na tumbo limeshiba wali wa kantini, ni rahisi kusema tusiuze.

Nilichofanya mpaka sasa ni kidogo. Nimemwomba Mjomba amuulize mnunuzi mlango unakwenda wapi; akajibu "kwa mteja", basi. Nimeandika barua ya ukurasa mmoja kwa Idara ya Mambo ya Kale, nimeambatanisha picha ya kizingiti na hesabu yangu ya 1350, na nimeomba waje waione nyumba, sio mlango peke yake. Nimewaomba pia wenzangu wawili wa uhandisi, mnajijua, wanieleze namna ya kuegemeza ukuta wa udongo usiendelee kuinama. Wameniambia miti mitatu ya mkaratusi na kiasi fulani cha misumari, na hiyo naweza kuituma bumu likitoka. Na nimemwambia binamu yangu apime vyumba vyote kwa futi na achore, hata kwa kalamu ya risasi kwenye daftari la shule, upana wa ukumbi, kimo cha baraza, kila kitu. Ameshanitumia kurasa mbili kwa simu. Kumbe ukumbi si mnyoofu. Unapinda kidogo kushoto ukielekea uani, kwa sababu vyumba vya nyuma vilijengwa msimu mwingine, labda na fundi mwingine, mawese yalipouzika tena. Nimekaa nyumba ile likizo ngapi na sikuwahi kuona.

Jana usiku Mjomba kapiga tena. Mnunuzi amerudi, ameongeza bei. Safari hii Bibi alitoka mwenyewe, akakaa barazani kwenye mkeka wake, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia mwenye kauli ni mjukuu wake wa chuo na mjukuu hayupo. Mgeni alipoondoka Bibi akaingia ndani, akasukuma komeo, akachukua na ufunguo. Amesema hautafunguliwa mpaka nifike likizo. Sasa mwalimu, muuza dagaa, yule kijana wa bodaboda na Mjomba mwenyewe, wote wanapita uani, kupitia kwa jirani, na jirani ameanza kununa.

Likizo ni wiki sita zijazo. Nina test saa mbili asubuhi, wacha nilale. Wa Kigoma mnaorudi kwa basi tarehe zile zile, nitafuteni tukate tiketi pamoja.